Mbuzi wa Majabali: Habari za Usasi wa Wafalme katika Milima ya Gran Paradiso

1. Jina

Kiswahili kina jina zuri la mnyama mmoja mdogo akaaye majabalini, nalo ni mbuzi mawe. Kwa ukoo huyu si mbuzi, ni jamaa ya paa. Uzani wake ni kama kilo 10 hata 15, naye husimama juu ya ncha za kwato zake, hata aweza kukanyaga mahali pasipotosha kiganja cha mtu. Waliompa jina hawakuuliza habari za ukoo wake. Waliyatazama makao yake na mwendo wake, wakaona yatosha.

Watu wa milima ya Alpi katika Ulaya walifanya vivyo hivyo. Wajerumani humwita mbuzi wao wa mwituni Steinbock, na maana yake ni beberu wa mawe. Waitalia walilipokea neno hilo wakasema stambecco. Wafaransa husema bouquetin, nalo kwa asili ni neno lile lile la Kijerumani lililogeuzwa katika vinywa vya watu kwa miaka mingi. Waholanzi waliohamia Afrika ya Kusini walilichukua pamoja na mizigo yao, wakampa paa mdogo wa nyika jina la steenbok, ijapokuwa paa huyo hana shauri na milima wala theluji. Naye yuko hata katika mbuga za Kenya na Tanzania. Hivyo jina la beberu wa barafuni limefika kwetu na kumkalia mnyama wa nyasi. Mwenye kukusanya maneno hana budi kukumbuka kwamba jina huweza kusafiri mbali kuliko kitu chenyewe.

Mbuzi wa kweli wa milimani hawako mbali nasi sana. Uhabeshi katika milima ya Simien yuko mbuzi aitwaye walia, ambaye hapatikani mahali pengine po pote. Na ndugu zetu wa Oman wanayo milima ya Hajar, ambamo mna mnyama mwingine wa jamaa ya mbuzi, mwenye pembe fupi, asiyeonekana nje ya milima hiyo ya Oman na ya jirani zake wa Falme za Kiarabu.

Lakini katika makala haya twapenda kueleza habari za yule wa Alpi, na hasa jinsi safari ya kumsaka ilivyotengenezwa na wafalme wa Italia tangu 1850 hata 1913. Tutamwita mbuzi wa majabali, ili asichanganyike na mbuzi mawe wetu. Watu wengi hudhani kwamba usasi huanza msasi anapoitwaa bunduki. Habari hizi zaonyesha kwamba usasi wa mlimani huanza miaka mingi kabla ya risasi ya kwanza. Huanza kwa mapatano, kwa njia, na kwa watu. Tena zaonyesha jambo gumu zaidi, ambalo walimu na wachungaji wa watu wa milimani wamelikuta mara nyingi: mnyama akiokolewa, ni nani alipaye?

2. Mnyama na mali iliyomo mwilini mwake

Dume la mbuzi wa majabali hufikia kilo 80 hata 100. Pembe zake zimepindika nyuma kama mundu, zenye mafundo mbele, na urefu wake huweza kukaribia mita moja. Jike ni kama nusu ya dume, na pembe zake ni fupi. Wakati wa joto wanyama hawa hupanda juu sana, hata mita 3,000 na zaidi, madume mbali na majike. Wakati wa kupandana ni mwezi wa Desemba, na watoto huzaliwa mwezi wa Juni.

Tabia yake moja imempa uhai, na tabia hiyo hiyo ilikaribia kummaliza. Akitishwa, hakimbii mbali. Hupanda juu ya genge, akasimama, akatazama chini. Kwa mbwamwitu ilikuwa yatosha, kwa kuwa mbwamwitu hawezi kumfuata gengeni. Kwa mtu mwenye bunduki ilikuwa kama kujitoa.

Zamani, kabla ya bunduki kuenea, kumsaka mnyama wa majabalini kulikuwa kazi ya mikono na miguu. Kaisari Maximilian I, aliyekufa 1519, alikuwa mpenzi mkuu wa usasi huo katika milima ya Tirol. Alimsaka shamua, mnyama mwingine wa jamaa ya mbuzi, aliye mdogo kuliko mbuzi wa majabali, na pembe zake ni fupi zenye ncha za kulabu. Alitumia mkuki wenye mpini mrefu sana, na miguuni akafunga vyuma vyenye meno ili asiteleze. Msasi wa namna hiyo aliweza kuua wachache tu, na huenda yeye mwenyewe asirudi nyumbani. Bunduki iliondoa mizani hiyo.

Tena mnyama huyu alikuwa kama duka la dawa litembealo. Watu waliamini kwamba pembe yake iliyosagwa huponya. Walitafuta damu yake, na mawe yaonekanayo tumboni mwake, na zaidi ya yote kifupa kimoja kilichomo moyoni, chenye umbo la msalaba, ambacho walikivaa kama hirizi ya kumkinga mtu na kifo cha ghafula. Sisi tulioona jinsi kifaru alivyomalizwa kwa ajili ya pembe yake hatuna haja ya kuelezwa yaliyofuata. Bonde kwa bonde mbuzi wa majabali alitoweka: Uswisi, Austria, na sehemu za Ufaransa. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki kama 100 tu, nao wote wakikaa kuuzunguka mlima wa Gran Paradiso, ambao kilele chake ni mita 4,061, kati ya nchi ya Aosta na Piemonte.

Mtu aliyepaza sauti alikuwa Josef Zumstein wa Gressoney, bwana misitu na mpanda milima, ambaye kilele kimoja cha Monte Rosa huitwa kwa jina lake. Alipeleka habari Torino, na mwaka wa 1821 mfalme Carlo Felice alitoa amri kwamba mbuzi wa majabali asiwindwe tena. Amri ilikuwa njema. Lakini amri iliyoandikwa mjini si mlinzi aliyesimama mlimani, wala shamua hakutajwa ndani yake, basi wasasi waliendelea kupanda majabali na bunduki zao, na nani angejua walichokipiga huko juu?

3. Mapatano

Mwaka wa 1850 Vittorio Emanuele II, aliyekuwa mfalme wa Sardinia na baadaye mfalme wa kwanza wa Italia, alisikia habari za milima hiyo kwa ndugu yake Ferdinando, aliyekwenda kuyatazama machimbo ya Cogne akawinda njiani. Mfalme naye akataka kuona. Alipanda farasi huko Champorcher, akavuka mlango wa mlima, akashukia Cogne. Na katika safari ile aliua shamua 6 na mbuzi wa majabali 1. Alipendezwa sana, akakusudia kuifanya milima ile kuwa mahali pake pa kuwinda.

Hapa ndipo msomaji apaswa kutulia kidogo. Mfalme hakupeleka askari kuwafukuza watu. Vijiji vya mabonde yale vilikuwa na haki za zamani za kuwinda, za kuvua samaki na za kulisha. Basi mawakili wa mfalme walikwenda kijiji kwa kijiji, wakapatana na wenyeji kwa mikataba mingi, hesabu yake mamia. Kwa mikataba hiyo vijiji vilimwachia mfalme peke yake haki ya kuwinda mbuzi wa majabali na shamua. Na mahali pengine vilimwachia hata haki ya samaki, na ya malisho ya juu, hata wachungaji hawakuweza tena kupeleka kondoo na mbuzi wao kwenye nyasi zilizowekwa kwa wanyama wa mwitu. Kazi hiyo ilichukua miaka, na mwaka wa 1856 milima ile ilitangazwa kuwa mahali pa usasi wa mfalme.

Kwa mtu wa bondeni, malisho ya juu si mchezo. Wakati wa joto ni mfupi. Majani ya bondeni lazima yakatwe na kukaushwa kwa ajili ya miezi ya theluji, na wakati huo mifugo yapaswa kula mahali pengine, yaani juu. Akikosa nyasi za juu, mwenye mbuzi 20 hubaki na 10. Kwa hiyo mkataba ule ulikuwa biashara ya kweli: upande mmoja nyasi na haki ya mababu, upande wa pili fedha na kazi. Wengine walifurahi. Wengine walinung'unika. Na wale wasiokuwa na mifugo mingi, ambao walitegemea nyama ya shamua wakati wa njaa, hawakuwa na kitu cha kuuza ila kuacha walilolizoea.

4. Walinzi, njia na nyumba

Baada ya mapatano ukafuata ulinzi. Mfalme aliunda kikosi cha walinzi kama 50, nao waliitwa Wasasi-Walinzi wa Mfalme. Wengi walitwaliwa katika mabonde yale yale, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwinda kwa siri tangu ujana. Twaona hapa akili kubwa. Mwizi wa nyama ayajua mapito ya wanyama, magenge ya kujificha na saa ambazo mlinzi husinzia. Akipewa mshahara, kofia na heshima, elimu yake yote yageuka kuwa ngao. Wazee wetu nao walijua jambo hili waliposema kwamba dawa ya moto ni moto.

Kisha zikaja njia. Mfalme alipenda kupanda kwa farasi, na farasi hapandi majabali kama mbuzi. Basi wenyeji waliajiriwa kutengeneza njia za nyumbu, nazo zilipata kuwa zaidi ya kilomita 300, zikiunganisha vijiji vya mabonde matano na nyumba za usasi. Njia hizi hazipandi moja kwa moja. Hupindapinda taratibu, kona baada ya kona, zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa kwa mkono, hata mnyama wa mizigo apanda bila kuhema sana. Nyingi zimepita juu ya mita 2,000, na mlango wa Lauson, ulio mrefu kupita yote, una mita 3,296. Atakaye kupima ubora wa kazi na aende leo akatembee: watu bado wazitumia.

Nyumba za usasi zilijengwa mahali penye maji na upepo mwema: Orvieille, iliyopendwa na mfalme kuliko zote, na Nivolet, na Lauson, na Dondena. Walinzi nao walijengewa vibanda vyao huko juu. Pamoja na hayo mfalme alitoa fedha kwa makanisa, kwa nyumba za serikali za vijiji na kwa kuta za kuzuia mito. Mwaka wa 1869 alinunua ngome ya Sarre bondeni, nayo ilipambwa ndani kwa maelfu ya pembe za shamua na mbuzi wa majabali, jambo ambalo wageni wengine huliona zuri na wengine huliona la kutisha.

5. Siku ya msako

Msimu wa usasi ulikuwa tangu mwisho wa Julai hata mwisho wa Agosti, na safari ilikaa majuma mawili hata manne. Wakati huo haukuchaguliwa ovyo. Theluji imekwisha kuyeyuka katika milango ya milima. Watoto waliozaliwa Juni wamekwisha kupata nguvu ya kufuata mama zao. Na madume hukaa pamoja mahali pa juu, peke yao. Mwenye kutaka kuwapiga madume tu hana wakati bora kuliko huo. Na hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya msako: walipigwa madume ya mbuzi wa majabali, na shamua waliokomaa. Majike yaliachwa yazae.

Msafara ulikuwa wa watu kama 250, wote wameajiriwa katika mabonde. Wengine walikuwa wapagazi wa vyakula na mahema. Wengine walikuwa wasakaji, yaani wale wa kuwafukuza wanyama. Kwa mtu wa kijijini ilikuwa fedha ya kweli, maana shamba lake dogo halikumpa kitu cha kuuza. Wasomaji waliosikia habari za misafara ya pwani na bara katika karne hiyo hiyo wataitambua sura yake mara moja: kirongozi mbele, mizigo katikati, na hesabu ya posho mkononi mwa mnyapara.

Msako wenyewe ulikwenda hivi. Usiku au alfajiri sana wasakaji waliondoka, wakapanda kwa njia za kuzunguka hata wakafanya duara kubwa kulizunguka eneo ambalo walinzi wamewaona wanyama. Kwa kuwa mbuzi hunusa mbali, ilikuwa lazima upepo utoke kwa wanyama uende kwa bunduki, wala si kinyume chake. Ndipo wasakaji walipoanza kushuka na kufunga duara, wakipiga kelele na kufyatua bunduki hewani. Wanyama walikimbilia bonde dogo ambalo walidhani ni salama. Huko mfalme alikuwa akingoja nyuma ya ukuta wa mawe uliojengwa kwa mviringo, usiopita kifua cha mtu. Yeye peke yake alikuwa na ruhusa ya kuwapiga. Nyuma yake alisimama msasi mkuu, ambaye kazi yake ilikuwa kummaliza mnyama aliyejeruhiwa au aliyeponyoka risasi za mfalme, ili asiende kufa kwa maumivu gengeni.

Desturi ya kufukuza wanyama kwa duara la watu yajulikana sana Afrika. Lugha yetu ina neno msako lenyewe, na yana maneno ya nyavu na ya mbwa. Lakini iko tofauti moja yenye maana. Katika msako wa kijiji chetu, duara lafungwa na watu wote, na nyama yagawanywa kwa sheria inayojulikana: wa kwanza kuchoma, wa pili kuchoma, mwenye wavu, mwenye mbwa, mzee wa kijiji. Katika msako wa mfalme, duara lafungwa na watu 250, na bunduki ni moja. Aliyefukuza alipata ujira, hakupata fungu. Hapo ndipo usasi unapoacha kuwa kazi ya ukoo na kuwa utumishi.

Hata hivyo hatutaki kumpaka mfalme rangi nyeusi tupu. Padre Amé Gorret wa nchi ya Aosta, mtu wa milimani aliyekuwa miongoni mwa waliopanda mlima Matterhorn kutoka upande wa Italia mwaka wa 1865, alitoa kitabu juu ya mfalme huyo na milima yake mara baada ya mfalme kufa mwaka wa 1878. Kwa kuwa padre yule alikuwa mwana wa nchi ile, aliyahifadhi mambo ambayo mwandishi wa mjini angeyapita. Wachungaji wasomao makala haya na wakumbuke kwamba mengi tuyajuayo juu ya desturi za watu wa milimani yaliandikwa na mapadre na walimu wa vijiji, waliokuwa wakikaa huko wakati wa baridi pia.

6. Yaliyolipwa na wengine

Kila mpango una gharama isiyoandikwa katika mkataba. Walinzi walipewa zawadi kwa kila mnyama mharibifu waliyemwua, na kwa fikira za siku zile mharibifu alikuwa kila mla nyama. Simba-mangu wa milimani alitoweka. Tumbusi mkubwa mwenye ndevu, ambaye huangusha mifupa juu ya mawe ili ale kilichomo ndani, alitoweka katika Alpi yote mwanzoni mwa karne ya 20, ijapokuwa yeye hula mizoga na mifupa tu. Ilipasa watu wamrudishe kwa kazi nyingi, na ndege wa kwanza wa kurudishwa waliachiwa Austria mwaka wa 1986. Mlinzi wa mbuzi alikuwa ameua viumbe wasiokuwa adui wa mbuzi.

Na watu je? Wasasi wa siri hawakukoma. Sababu moja ilikuja kutoka nje. Uswisi walitamani kuwarudisha mbuzi wa majabali katika milima yao, wakaomba kununua, Italia haikukubali. Basi kuanzia 1906 watu wa siri walikamata watoto wa mbuzi katika milima ya mfalme, wakawavusha mpaka kwa magendo, wakawafikisha katika bustani ya wanyama ya Peter und Paul mjini St. Gallen. Huko walilelewa na kuzaliana, na mwaka wa 1911 wa kwanza waliachiwa katika majabali ya Graue Hörner. Uswisi leo ina makundi mengi, na mzizi wake ni wizi. Hatusemi kwamba wizi ni mwema. Twasema tu kwamba katika historia ya mnyama huyu mfalme aliyemwokoa alikuwa mwindaji, walinzi wake walikuwa wawindaji wa siri, na waliomweneza walikuwa watu wa magendo. Atakayeandika habari hizi kwa kugawa watu kuwa wema na waovu atashindwa katika ukurasa wa kwanza.

7. Baada ya wafalme

Umberto I aliendelea na misako ya baba yake, na baada yake mwanawe Vittorio Emanuele III, hata mwaka wa 1913. Mwaka wa 1919 mfalme huyu alisema kwamba ataitoa milima yake kwa serikali, na tarehe 3 Desemba 1922 ikawa hifadhi ya taifa ya Gran Paradiso, nayo ni ya kwanza katika Italia. Wanyama walikuwa wamekwisha kuwa elfu kadhaa.

Lakini haukupita muda mrefu, ikaonekana kwamba hifadhi isiyo na walinzi waijuao milima, na isiyo na mapatano na wenyeji, ni karatasi tu, kama ilivyokuwa amri ya 1821. Ukaja utawala mbaya, ikaja vita na njaa yake. Na vita ilipokwisha mwaka wa 1945, mbuzi wa majabali waliobaki walikuwa kama 400 tu. Ndipo Renzo Videsott, tabibu wa wanyama na mpanda milima, alipotwaa kazi ya kuisimamia hifadhi, akarudisha kikosi cha walinzi na mishahara yao. Hakubuni jambo jipya. Alirudia lile la 1856, ila bila bunduki ya mfalme.

Leo mbuzi wa majabali katika Alpi yote ni zaidi ya 40,000, na wote ni uzao wa wale 100 wa Gran Paradiso. Hilo nalo lina hatari yake, maana waliotoka katika ukoo mmoja mwembamba wamefanana mno katika damu, na ugonjwa mmoja waweza kuwadhuru wengi.

8. Fikira za mwisho

Mfano huu haukubaki Ulaya. Katika milima ya Torghar, nchi ya Balochistan katika Pakistan, yuko mbuzi wa mwitu mwenye pembe zilizosokotwa kama parafujo, aitwaye markhor. Katikati ya miaka ya 1980 alikuwa karibu kumalizwa. Wakuu wa kabila walikataza wote kuwinda, wakawaajiri wawindaji wa kwao kuwa walinzi, na mishahara ikalipwa kwa ada ya wageni wachache waliopewa ruhusa ya kupiga madume wazee wachache kila mwaka, wakiongozwa na wenyeji. Wanyama waliongezeka sana. Kaskazini, katika Gilgit-Baltistan, sheria yagawa ada hiyo: sehemu 80 katika 100 huenda kwa wenyeji. Mtu akilinganisha na misako ya mfalme ataona mambo manne yaliyo sawa, yaani walinzi wa nchi ile ile, madume tu, msimu maalumu, na kiongozi wa mahali; na jambo moja lililo tofauti, nalo ni fungu. Huko Torghar aliyelinda ana sehemu katika kilichopatikana. Wako wanaosema kwamba kuua mnyama adimu kwa fedha ni aibu, na hoja yao si ya kudharauliwa. Lakini nao wapaswa kujibu ni nani atakayelipa mshahara wa mlinzi mwezi ule ambao mgeni hakuja.

Kiungo kimoja chatufunga sisi na nchi ile ya Aosta. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian katika mlima Kenya mwaka wa 1899, viongozi wake walikuwa César Ollier na Joseph Brocherel, wote wawili wa Courmayeur katika nchi ya Aosta. Mwaka wa 1906 mjukuu wa Vittorio Emanuele II, Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi, alipanda Ruwenzori pamoja na viongozi wa mji huo huo. Vilele vya huko vyaitwa hata leo Margherita, Umberto na Vittorio Emanuele, majina ya nyumba ile ile iliyowinda katika Gran Paradiso. Lakini mlima wenyewe ulikuwa na majina yake kabla yao, na wapagazi wao walikuwa watu wa chini ya mlima, wenye maneno yao ya theluji, ya pango la kulala, ya mapito ya mnyama.

Maneno hayo ndiyo tunayoyaomba. Kila mwalimu aliye Upare, Usambara, Uluguru, Ukinga, Uchaga au penginepo penye majabali, na awaulize wazee: mbuzi mawe aitwaje kwa lugha yenu? Msako wake uliongozwa na nani, na katika mwezi gani ulikatazwa? Nyama iligawanywaje, na fungu la aliyefukuza lilikuwa lipi? Wazee wayajuao hayo ni wachache, na kila msimu wa mvua hupunguza mmoja. Aandikaye na aandike neno la kwanza la mzee kama alivyolitamka, pamoja na jina la jabali alilokuwa akilionyesha kwa fimbo yake.